Haikukataliwa, Haikutoka

Ndugu msomaji, wewe uliyewahi kutuma hadithi mahali ukakaa kusubiri jibu, utanielewa nikisema kwamba hakuna kinachommaliza mwandishi chipukizi kama kimya. Kukataliwa kuna nafuu yake. Mtu akikuandikia kwamba hadithi yako haijaiva, unanuna siku mbili, unamtukana moyoni, halafu unaifungua tena na kuona kwamba kweli, ukurasa wa tatu umepwaya. Kimya hakikuonyeshi ukurasa wa tatu. Kinakuachia nafasi uijaze mwenyewe, na sisi tunaoanza huwa tunaijaza kwa neno moja tu: sifai.

Hapa nataka kuzungumzia kimya cha aina moja ambacho hakihusiani kabisa na kufaa wala kutofaa. Kinatokana na mashine. Najua wapo watakaofunua ukurasa wakisema haya ni mambo ya mafundi, sisi ni watu wa fasihi bwana. Subirini kidogo, washikaji. Zamani mwandishi alijua bahasha inauzwa shilingi ngapi, stempu inabandikwa wapi, na posta inafungwa saa ngapi. Hakuna aliyemwambia kwamba kujua hayo kunampunguzia usanii wake. Siku hizi bahasha imekuwa barua pepe, hadithi imekuwa kiambatisho, yaani atachimenti, na wengi wetu hatujui posta hii inafanyaje kazi. Tunabonyeza, tunaomba Mungu, basi.

Mwaka 2018, mwenzetu mmoja wa kijiwe chetu cha uandishi hapa Dar es Salaam, dada ambaye kwa maoni yangu anatupita wote kwa kuwasemesha wahusika, aliandika hadithi ya watoto kwa ajili ya shindano. Mdogo wake wa kiume, wakati huo yuko kidato cha pili, alimchorea michoro 12 kwa penseli. Michoro ile ilikuwa bomba, si utani. Kulikuwa na bibi mmoja anauza vitumbua chini ya mwembe, ukimtazama unasikia harufu ya mafuta. Michoro ikapelekwa steshenari ikaskaniwa, ikaingizwa ndani ya hadithi, na faili zima likawa na megabaiti 19. Siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea kazi, dada akaituma.

Wiki tano zikapita. Kijiweni akaanza kuja kwa kusuasua, mwisho akawa haji. Nasikia mdogo wake alikuwa akimuuliza kila Ijumaa, "Dada, wamesemaje?" hadi siku moja akaacha kuuliza. Sisi tulipombana alitujibu, "Jamani niacheni. Mimi si mwandishi, nilikuwa nadandia tu."

Jumapili moja nilikwenda kwao Mwananyamala. Alikuwa ameniita nikachukue vitabu vyake, eti anavigawa. Vilikuwa vimeshapangwa kwenye boksi la sabuni. Mwandishi anayegawa vitabu vyake ni sawa na mvuvi anayeuza nyavu. Hata kama hasemi kitu, umeshaelewa. Nikamwomba angalau anipe nakala ya ile hadithi, nibaki nayo. Akasema, "Ipo humo kwenye kompyuta, kaka, itoe mwenyewe."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, ya mtumba, mali ya mjomba wake. Ndani yake kulikuwa na programu ya barua pepe, ile inayokaa kwenye kompyuta yenyewe na kuhifadhi barua zako humo humo. Msidhani ni ushamba. Mtu anayenunua bando la shilingi mia tano ana akili kutumia programu ya namna ile: unaandika taratibu bila intaneti, ukimaliza unaunganisha simu, unatuma, unapokea, unachomoa simu, unasoma kwa raha zako. Ni ustaarabu wa watu wenye kubana matumizi.

Sasa nikiwa natafuta ile hadithi, nikaona upande wa kushoto kabatini mwa barua, penye sehemu ya barua zinazosubiri kutoka, pameandikwa moja. Nikafungua. Ilikuwa ni ile barua ya shindano, na kiambatisho chake, na salamu zake za heshima.

"Dada, hii barua haijatoka."

"Haijatoka wapi?"

"Humu ndani. Haijawahi kutoka humu ndani."

Akaja akasimama nyuma ya kiti. Alitazama kioo muda mrefu bila kusema. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mstari ulijaa. Nilikaa hapa hapa nikauona umejaa mpaka mwisho." Alisema kweli. Mstari wa kijani ulijaa, ndipo akachomoa simu na kuzima kompyuta. Mashine ndiyo iliyomdanganya, na nitaeleza ilimdanganyaje.

Kutafuta ugonjwa wa barua isiyotoka hakuna uchawi. Ni kama kuhariri: unabadili kitu kimoja, unaangalia, kisha unabadili kingine. Ukibadili vitano kwa mpigo, hata ukipona hujui dawa ilikuwa ipi. Tukaunganisha simu. Kwanza dada akajiandikia mwenyewe barua ya mstari mmoja bila kiambatisho. Ikatoka na kurudi. Maana yake mtandao upo, nenosiri ni sahihi, na seva, yaani posta yenyewe, inamtambua. Ingekataa hata hiyo, tungejua ugonjwa uko mlangoni. Siku hizi ugonjwa wa mlangoni umezidi, kwa sababu kuanzia tarehe 30 Mei 2022 Google, kwa mfano, ilianza kuzikatalia programu zinazoingia kwa jina na nenosiri la kawaida pekee. Ukiwa na programu ya zamani utahangaika na kiambatisho bure, kumbe hata salamu haitoki.

Pili, tukaambatisha picha ndogo ya kilobaiti 200. Ikaenda. Basi viambatisho kwa jumla havina kasoro. Tatu, faili la megabaiti 2. Likaenda, lakini baada ya kungoja kama dakika moja. Nne, faili la megabaiti 5. Mstari wa kijani ukajaa haraka, chapchap, kama siku ile. Halafu kimya. Tukakaa. Dada akataka kuchomoa simu, nikamwambia ngoja kwanza. Sekunde zilipofika 100 likachomoza dirisha dogo: muda umekwisha, seva haijibu.

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Kinachoenda ni kidogo, kinachokwama ni kikubwa, na kinakwama kwa kupima saa. Ugonjwa wa namna hiyo mara nyingi husababishwa na mtu wa kati. Katika kompyuta ile, mtu wa kati alikuwa ni programu ya kuzuia virusi. Watengenezaji wengi wa antivairasi waliziweka zisimame kati ya programu ya barua na posta, zipekue kila barua inayotoka. Kwa hiyo programu ya barua ilikuwa inamkabidhi mlinzi mzigo wote kwa sekunde chache, maana wote wamo ndani ya kompyuta moja. Ndiyo maana mstari ulijaa upesi. Mlinzi sasa ndiye aliyekuwa anaupeleka posta kwa mwendo wa simu ya bando, kilobaiti kama 40 kwa sekunde. Huku nyuma programu ya barua inasubiri kuambiwa "imepokelewa". Imefundishwa kusubiri sekunde 100 tu. Zikiisha inakata tamaa, inarudisha barua kwenye foleni, kisha ndipo inatangaza. Lakini dada, aliyeona mstari umejaa, alikuwa ameshachomoa simu na kuzima. Tangazo lilikosa wa kulisoma.

Nikazima ile sehemu ya kupekua barua zinazotoka, si antivairasi nzima, hapana, hiyo ibaki kulinda mafaili. Lile faili la megabaiti 5 likaenda kwa dakika kama tatu, na safari hii mstari ulitambaa kwa mwendo wa ukweli. Tukashangilia. Tukarudi kwenye hadithi yenyewe, megabaiti 19. Posta ikaikataa papo hapo, kwa namba 552: barua ni kubwa kupita kiasi.

Dada akaguna. "Lakini kikomo chao ni 25. Nilisoma mwenyewe. Kumi na tisa si ndogo kuliko ishirini na tano?"

Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Posta ya kompyuta iliundwa kwa ajili ya maneno matupu. Kanuni zake, alizoziandika Jonathan Postel mwaka 1982, ziliruhusu herufi na alama zisizozidi 128: alfabeti ya Kiingereza, tarakimu, nukta, mkato, na vikorokoro vichache. Picha haikuwamo. Wimbo haukuwamo. Hata herufi zenye vikofia za Wafaransa hazikuwamo. Sisi wa Kiswahili tulibahatika kimyakimya, kwa kuwa alfabeti yetu ya Kilatini haina vikofia wala mikia, na barua ya Kiswahili ingeweza kupita kwenye tundu lile bila kuinama. Tulichoponzwa nacho ni kile kialama cha ng'ombe na ng'ambo. Ukiandika kwa programu inayokipinda kialama kile kiwe kama mkato wa juu, kompyuta inakihifadhi kwa baiti tatu badala ya moja, na kikisomwa vibaya huko kiendako, ng'ombe wako anafika amechomwa sindano tatu za ajabu shingoni. Nadhani umeshamwona.

Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni ziitwazo MIME, ambazo ndizo zilizoleta kiambatisho kama tunavyokijua. Tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein alituma barua yenye picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne, pamoja na sauti zao wakiimba. Sasa ujanja wao ni huu: hawakuivunja posta ya zamani ili wajenge mpya. Waliivalisha picha nguo za maneno. Kila baiti tatu za faili zinaandikwa upya kuwa herufi nne za kawaida, zikichaguliwa kutoka katika fungu la alama 64: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama ya kujumlisha na mkwaju. Kisha zinapangwa kwa mistari mifupi kama shairi. Yule bibi wa vitumbua, akiwa safarini, si picha tena. Ni kurasa na kurasa za herufi zisizosomeka, hadi afike na kuvuliwa nguo zile ajionyeshe tena.

Tatu ikawa nne. Ongeza na miisho ya mistari. Megabaiti 19 zilizotoka mezani kwa dada zikifika kwenye mizani ya posta ni kama 26. Na mizani ya posta inapima mzigo na nguo zake. Kikomo cha 25, ambacho ndicho cha Gmail pia, kwa kweli kinatosha faili la megabaiti 18 hivi. Ukiwa nayo 19, umeachwa nje kwa unene wa koti.

Nilipomweleza hivyo dada alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Kwa hiyo nimezidiwa na koti?"

Tukatengeneza. Steshenari walikuwa wameskani michoro kwa vidoti 600 kwa kila inchi, kipimo cha mtu anayechapa bango. Kwa kusoma kwenye kioo, 150 vinatosha kabisa. Ukitoka 600 kwenda 150, upana unagawanywa kwa nne na urefu kwa nne, kwa hiyo vidoti vinapungua mara 16. Hatukurudi steshenari, programu ya picha iliyokuwa mle mle kwenye kompyuta ilifanya kazi hiyo kwa nusu saa. Faili likawa megabaiti 3. Bibi wa vitumbua hakupoteza hata kidoti kimoja cha maana, harufu ya mafuta ilikuwepo vilevile. Tukaituma, ikaenda kwa muda usiofika dakika mbili.

Hapo bado kuna mtego mmoja. Baada ya barua kutoka, programu nyingi za aina ile hupandisha nakala yake tena kwenye seva, kwenye kabati la barua zilizotumwa. Ni safari ya pili ya mzigo ule ule, kwa bando lile lile. Ikikwama hapo, dirisha linabaki limeganda, na mtu anadhani barua haikutoka. Anabonyeza tena. Na tena. Mhariri huko anapokea hadithi moja mara nne na kusema huyu naye ana pupa. Kwa hiyo usome dirisha linasema nini: linatuma, au linahifadhi nakala? Yakikukorofisha, jipelekee nakala wewe mwenyewe. Ikikufikia, imetoka kwenye kompyuta yako.

Jibu lilikuja Jumanne. Mistari miwili mitatu: wamepokea hadithi na michoro, shindano lilishafungwa, wanamkaribisha mwakani. Hivyo ndivyo ilivyoisha. Hakuna zawadi, hakuna kitabu. Kazi ya miezi ilikosa nafasi yake kwa sababu ya sekunde 100 na unene wa koti, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha siku ile. Lakini dada aliichapa barua ile kwenye karatasi akambandikia mdogo wake mlangoni, na vile vitabu sikuvichukua. Kukataliwa kwa sababu umechelewa ni jambo la kalenda. Mtu anaweza kuishi nalo.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ni wangapi. Ni hadithi ngapi za Kiswahili zimelala katika makabati ya barua zinazosubiri kutoka, kwenye kompyuta za wajomba, kwenye mafleshi, kwenye simu zilizopasuka vioo, na wenye nazo wanaamini walihukumiwa? Tunapenda kulaumu wahariri, na wengine wanastahili. Tunapenda pia kujilaumu wenyewe, kwa sababu kujilaumu kuna utamu wake wa kishairi. Lakini kabla ya kumhukumu mhariri au kujihukumu, lipo swali la kwanza, dogo, la kiposta: je, ilifika?

Kwetu wa miji hii swali hilo lina uzito zaidi. Ni kweli kwamba tangu waya wa SEACOM ulipofunguliwa Julai 2009, ukapita chini ya bahari hadi Dar es Salaam na Mombasa, mambo si kama enzi za setilaiti. Lakini waya hauishii mezani kwako. Mezani kwako pana simu, na simu mara nyingi hushusha haraka na kupandisha polepole. Makampuni yamejenga njia pana ya kutuletea vitu. Njia ya sisi kupeleka vyetu ni uchochoro. Ukiwa msikilizaji wa muziki hutaona tofauti. Ukiwa mwandishi, unapita uchochoroni kila siku umebeba mzigo kichwani.

Basi ndugu yangu mwenye kalamu, jifunze uchochoro wako. Pima faili kabla ya kulituma, na lipime pamoja na koti lake: chukua ukubwa, ongeza theluthi na ushee. Hadithi isiyo na picha haina haja ya kuzidi megabaiti moja. Ikizidi, kuna kitu kimejificha humo ndani. Michoro ipunguze, au iweke mahali pa kuhifadhia mafaili mtandaoni umpe mhariri anwani yake. Usiuamini mstari wa kijani. Fungua kabati la zinazosubiri kutoka uone pako tupu. Ukipewa namba, isome: zinazoanza na 4 zinasema jaribu baadaye, zinazoanza na 5 zinasema usirudie bila kubadili kitu. Na wiki mbili zikipita bila neno, andika barua fupi, bila kiambatisho, ya adabu, uulize kama imefika. Huo si usumbufu. Ni haki ya mtu aliyetuma mzigo.

Na ninyi wahariri, pamoja na sisi wa vijarida hivi vidogo tunaopokea kazi za wenzetu, tujiwekee utaratibu wa neno moja. Tumepokea. Halihitaji kusoma hadithi, halihitaji maoni, halina gharama. Hadithi inaweza kungoja zamu yake ya kusomwa, mwandishi naye anaweza kuvumilia, mradi tu anajua kwamba anachokingojea kipo mahali fulani, juu ya meza ya mtu.